Sauti Inapotafutiwa Riziki



Barua iliyotufikia juma hili imetoka Mtopanga, kwa mama ambaye jina lake tumelihifadhi. Binti yake wa pili, mwenye umri wa miaka 22, amekuwa akialikwa kuimba katika makesha ya harusi za jirani tangu alipokuwa madrasa, na sasa mialiko imevuka mtaa: ataitwa Bamburi, ataitwa Majengo, na mara moja aliitwa Likoni. Hapo mwanzo malipo yake yalikuwa leso na sahani ya pilau. Siku hizi hupewa pesa. Binti amewaambia wazee wake kuwa angependa hiyo iwe ndiyo kazi yake. Babake amekataa, na amesema nyumbani mwake hatatoka mwimbaji wa kulipwa. Mama yuko baina ya wawili awapendao, naye atuuliza kama kuna heshima katika riziki hiyo, na kama ipo, binti aanzie wapi.

Tumeona tuijibu barua hii hapa ukurasani kwa kuwa haimhusu mama mmoja. Ni harusi gani ya kwetu, kutoka Mtopanga hadi Mji wa Kale, iliyopita bila ya mwanamke wa kuimba? Siku ya singo yuko, usiku wa hina yuko, usiku wa kupamba ndiye anayengojewa kuliko bibi harusi mwenyewe. Tunampigia vigelegele, tunasimama kumtunza, kisha kesho yake tukisikia posa imekwenda kwao twauliza, "Yule mwimbaji?" Jambo hili halina uadilifu. Ikiwa kazi ni mbaya, basi na sisi tunaomwita tuna fungu letu katika ubaya huo. Na ikiwa si mbaya, mwenye kuifanya hastahili kutazamwa kwa pembe ya jicho.

Tuanze na hofu ya baba, maana baba hakukataa kwa ukaidi. Mwanamume wa umri wake, aliyelelewa Mombasa, amesikia mengi juu ya waimbaji. Amesikia juu ya safari za usiku, juu ya majina kuzagaa, juu ya nyimbo za mafumbo zilizovunja ujirani. Tena amesikia masheikh wakihitilafiana juu ya ala za muziki. Sisi si mafaqihi na hatutatoa fatwa katika ukurasa wa familia. Baba na binti waende pamoja kwa sheikh wanayemwamini wakamuulize. Tunalolijua ni kwamba kupiga duffu na kuimba maneno mema harusini ni jambo lenye asili katika mapokezi ya Hadithi zinazojulikana na wengi, na kwamba ugomvi mkubwa wa wanazuoni umekuwa juu ya vinanda na ala za nyuzi, juu ya maneno ya nyimbo, na juu ya mchanganyiko wa wanawake na wanaume. Kwa hiyo mwanamke anayewaimbia wanawake wenzake, ndani ya ua uliofungwa, kwa matari na maneno safi, amesimama mahali ambapo nafasi ni pana zaidi. Binti akitaka kuanza, na aanzie hapo. Hapo hapo ndipo soko lake lilipo vilevile, kwa kuwa mama mwenye kufanya harusi ya kina mama hataki bendi ya wanaume uani kwake.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Bibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, vikiwamo Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Yalikuwako na mavugo ya harusi, yaliyoimbwa kwa kugongwa pembe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, alikuwa miongoni mwa wanazuoni walioikemea israfu ya watu wa pwani katika sherehe zao, na ukisoma habari za mashindano yale huwezi kusema hakuwa na hoja. Watu waliingia katika madeni kwa ajili ya kushinda upande wa pili. Msomaji apendaye kuwasikia wanawake wa zama zile wakijisemea wenyewe na akitafute kitabu cha masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kuchapishwa mwaka 1989. Humo harusi na ngoma zimeelezwa na waliozicheza.

Ila lelemama haikuwa ajira. Mwanachama alitoa pesa, hakulipwa. Mwanamke wa kwanza wa Uswahilini ambaye jina lake lavuma hadi leo kwa kula jasho la sauti yake ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Alitoka katika nyumba ya watu wa chini kabisa, akiuza vyungu, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu hivyo njiani. Alihamia mjini akajifunza kuimba pamoja na wapigaji, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Katika kundi lake alikuwamo mwana wa Mombasa, Mbaruk Talsam, mpiga udi asiyeona. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia kitabu kizima cha wasifu. Tunamtaja si kwa kumtaka kila binti awe Siti. Tunamtaja kwa sababu alitukanwa sana alipoanza, kwa asili yake na kwa kazi yake, na waliomtukana hakuna leo anayewajua majina.

Hapa kwetu Mombasa kina mama wamewasikia Zuhura Swaleh na Malika, kanda zao zikiuzwa madukani na kuchezwa katika kila sherehe. Kwa upande wa wanaume walikuwako Zein l'Abdin wa udi, mzaliwa wa Lamu, na Juma Bhalo wa mahadhi ya Kihindi, aliyetangaza kuiacha kazi hiyo mwaka 2007 na kufariki mwaka 2014. Katika habari za mabwana hawa wawili kuna jambo linalomfaa sana binti wa Mtopanga. Nyuma yao walisimama washairi. Juma Bhalo aliimba tungo za jamaa yake Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Zein aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany. Waliotunga walikuwa watu wa elimu, na ndiyo maana nyimbo zile hazikuchakaa. Mwimbaji asiyekuwa na maneno yake hukaa kuigiza kanda za wengine, na mwenye kuigiza hulipwa malipo ya kuigiza. Basi binti ajifunze mizani na vina kama alivyojifunza tajwidi. Atafute mzee wa kumtungia, au atunge mwenyewe utenzi mfupi wenye jina la bibi harusi na la mamake ndani yake. Tumeona harusini jinsi mama anavyolia akisikia jina la marehemu bibi yake limeingizwa katika beti. Hilo halipatikani katika simu ya mtu yeyote.

Kisha ajifunze kazi chini ya mkubwa. Aingie katika kundi lililokwisha kujulikana, awe mwitikiaji kwa msimu mmoja au miwili, abebe matari, atazame namna kiongozi anavyoupandisha ukumbi na kuushusha, lini anyamaze ili bibi harusi aingie, na namna ya kumkatia maneno mgeni aliyenyakua maikrofoni na hataki kuirudisha. Sauti ni amana ya Mwenyezi Mungu na huharibika kama mali nyingine. Asipige kelele juu ya spika mbovu. Alale mchana wa siku ya kazi. Maji ya barafu aachie wageni.

Na sasa pesa, ambayo ndiyo sehemu ambayo mabinti wengi hawaelezwi. Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme mwenye harusi wa Likoni amekubali kulipa shilingi 20,000. Mpiga kinanda, ambaye ni dada mwenzao, achukua 3,000. Wapigaji wawili wa matari, 1,500 kila mmoja, ni 3,000 nyingine. Kukodi spika na maikrofoni, 4,000. Gari la kuwatoa Mtopanga, kuvuka daraja la Nyali na kisiwa kizima, kungoja feri, na kuwarudisha usiku wa manane, 2,500. Nguo na mapambo, tukadirie 1,000. Jumla ya matumizi ni 13,500, na kilichobaki mkononi mwa mwimbaji ni 6,500. Wageni waliomwona juu ya jukwaa wataondoka wakisema kuwa kwa usiku mmoja amepata 20,000.

Harusi nazo hufuata miezi. Shaabani hujaa, kila mtu akikimbilia kumaliza kabla ya mwezi mtukufu. Ramadhani hakuna kitu. Mfunguo Mosi mialiko hurudi kwa kishindo, na likizo za shule za Agosti na Disemba huleta jamaa kutoka Nairobi, Uingereza na Ghuba wenye kutaka harusi kubwa. Mfunguo Sita ni mwezi wa maulidi, na kundi lijualo kusoma Barzanji na kasida kwa sauti nzuri halikosi kualikwa, ijapokuwa wengi huona haya kutaja malipo katika jambo la thawabu. Mwenye kupata harusi sita katika Mfunguo Mosi, kwa hesabu yetu ya juu, atakuwa na 39,000. Pesa hizo asizione kuwa za mwezi mmoja. Ni za Mfunguo Mosi na za Ramadhani iliyotangulia au itakayofuata, na akizigawa hivyo ataona kuwa ana 19,500 kwa mwezi. Si umaskini, lakini si utajiri wa kumfanya aache kila kitu. Ndiyo maana tunampendekezea asishike kazi moja. Binti anayejua kuchora hina na kuimba huitwa na nyumba moja mara mbili. Anayejua kushona magauni ya harusi huwa na kazi hata miezi ambayo hakuna anayeoa.

Liko suala la tunza, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndilo linalovunja makundi. Kama kina mama wote wajuavyo, wimbo ukimgusa mtu huinuka akacheza polepole hadi mbele, akamwekea mwimbaji noti. Pesa hiyo ni ya nani? Mwimbaji husema ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyetunzwa. Mpiga kinanda husema bila ya mkono wake wimbo usingenoga. Tumesikia pia juu ya wenye harusi waliotaka kuikata tunza katika malipo waliyoahidi, wakisema, "Si umepata kwa wageni?" Rai yetu ni kuwa tunza haigusi ujira: mwenye harusi alipe alichoahidi, wala asihesabu kilichotoka mkobani mwa mgeni wake. Na ndani ya kundi, fungu la kila mmoja litajwe kabla ya mtu kupanda gari. Kundi liwe na kisanduku kimoja cha tunza, kifunguliwe mbele ya wote usiku ule ule. Wanaosema watagawana kesho huamka na maneno.

Tena tunza ina upande wake wa giza. Anayetoa noti huweza kuagiza wimbo, na wako wanaoagiza ili kumpiga kijembe mke mwenza, wifi au jirani aliyeketi safu ya tatu. Mipasho ina wapenzi wake, na hatutajifanya hatuijui. Lakini mwimbaji wa mtaani hukaa na watu hawa hawa. Atakutana nao dukani, kisimani na matangani. Aliyeagiza wimbo akishakwenda zake, lawama hubaki kwa aliyeuimba. Binti awe na orodha yake ya nyimbo, aionyeshe kwa mwenye harusi mapema, na agizo lolote la ukumbini alijibu kwa tabasamu kwamba ratiba imepangwa na mama wa harusi. Atapoteza noti mbili tatu.

Jambo ambalo babake ana haki kamili ya kuliogopa, na ambalo bibi zetu hawakulijua, ni simu. Mwanamke amevua buibui, amepambwa, amefunua nywele, akiimba mbele ya wanawake wenzake, na kwenye kona yuko msichana ameinua simu. Kabla ya alfajiri ile picha imefika kwa watu wasiokuwa na haki ya kuiona. Familia nyingi sasa huweka mtu mlangoni wa kukusanya simu, na sisi twawaunga mkono. Ila haitoshi kwa mwimbaji kutumaini kuwa mwenye harusi atakumbuka. Liwe sharti lake, liandikwe: simu hukusanywa au haimbi. Na yeye mwenyewe avae vazi ambalo, lau picha itatoka, hatakuwa na la kujuta. Siti alirekodi sahani zilizosikiwa na maelfu, na sitara yake haikupungua kwa hilo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni data yake, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humpa msanii haki ya kukataa onyesho lake lisirekodiwe wala kutangazwa bila ya ridhaa yake. Haki hizo zipo, na ni vyema kuzitaja pale mpigaji video wa kulipwa anapokuja na kamera. Lakini aibu ikishaenea, kesi hairudishi kitu. Mlango ndio dawa.

Katika sheria hiyo hiyo ya hakimiliki, mtungaji ana haki yake ambayo hudumu hadi miaka 50 baada ya kufa kwake. Binti akiimba tungo za mtu aliye hai, amwombe, na akizirekodi ampe fungu. Akitunga zake, aandikishe katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, maana tumekwisha kuona wimbo wa harusi ya uani ukasikika redioni kwa sauti ya mwingine.

Tumrudie baba. Tungemshauri mama asimpelekee mumewe hoja za Siti binti Saad, zisije zikaonekana ni kejeli. Ampelekee karatasi. Binti aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili safi: anaimbia wanawake pekee, haendi bila ya mahramu au bila ya mama wa makamo katika kundi, gari ni la mwenye harusi, huwachukua mlangoni na kuwarudisha mlangoni, na saa ya kuondoka imetajwa, simu hukusanywa, nusu ya malipo hutangulia kwa M-Pesa siku ya kukubaliana, na nusu ya pili hulipwa kabla ya bibi harusi kutolewa, kwa kuwa baada ya hapo kila mtu hulala na hakuna anayepokea simu. Tarehe ikiahirishwa kwa msiba, pesa ya mwanzo huhamia tarehe mpya. Ikivunjwa kwa sababu nyingine, hairudi. Karatasi hiyo baba aisome, aongeze masharti yake, na sahihi yake iwe chini pamoja na ya binti. Wateja watakaokasirishwa na karatasi ni wale wale ambao wangekasirika siku ya kudaiwa.

Na iwapo baada ya hayo yote baba bado amekataa? Basi hatuwezi kumwambia binti avuke neno la babake, wala hatutamwambia baba kuwa ana makosa kwa kumchungia mwanawe. Tutamwomba tu jambo moja: aende naye siku moja, akae nje na wanaume wenzake kama tunavyokaa sote, asikilize sauti ikitoka uani, kisha arudi naye nyumbani katika gari lile lile. Huenda akaona kuwa kazi yenyewe ni kazi, yenye kuchosha, na kwamba binti alala kitini kabla gari halijafika Mtopanga.

Wako miongoni mwa wasomaji wetu kina mama walioifanya kazi hii kwa miaka mingi, na baadhi yao twajua wameiacha bila ya akiba ya maana. Tunawaomba watuandikie juu ya hilo la akiba hasa, kwa kuwa hatukulieleza vya kutosha leo. Barua ziletwe kabla ya Ijumaa. Majina tutayahifadhi kwa atakaye.